Kilwa Kisiwani: majibu kwa wanaojiandaa kuvuka

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mtwara, Nachingwea, Masasi na Lindi mjini, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu wa kusini afanyeje ili auone vizuri mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, asije akarudi na picha za kuta asizozijua. Tumejibu zile zinazowagusa wengi.

Swali. Ndugu wahariri, mimi na mwenzangu tuko Mtwara mjini na tuna Jumamosi na Jumapili tu. Tunaanzia wapi? Na tukifika Kilwa Masoko, tunaweza kupanda mashua moja kwa moja?

Jibu. Tuanze na la mwisho: hapana, msipande kabla ya kibali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako chini ya usimamizi wa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na kibali hutolewa Masoko, upande wa bara, kabla hamjakanyaga mashua. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo wekeni fedha kwenye simu mapema na mtunze ujumbe wa uthibitisho. Chukueni na vitambulisho vya taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni na ofisa ana haki ya kuuliza uthibitisho. Hapohapo ombeni mwongozaji. Magofu yametawanyika katikati ya mashamba na nyumba za wanakijiji, na mtu asiye na mwongozaji huishia kuona majengo mawili ya karibu na ufuko, kisha anarudi akidhani amemaliza.

Kuhusu njia: pandeni basi la alfajiri liendalo Dar es Salaam, mshuke Nangurukuru. Kubalianeni nauli ya Nangurukuru kabla ya kupanda, si mkiwa mmeshakaa. Kutoka hapo kuna magari madogo ya kwenda Masoko, kama kilomita 30. Mkifika mchana wa Jumamosi, fanyeni mambo matatu kabla ya jua kuzama: kibali, mwongozaji, na makubaliano na nahodha juu ya saa ya kuondoka, saa ya kurudi na bei ya kwenda na kurudi. Mkishaelewana bei ya kwenda tu, mtakuwa mnabembeleza mkiwa kisiwani.

Jumapili vukeni mapema. Mkono wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani hauzidi sana kilomita 2, lakini mabasi yatokayo Dar asubuhi hupita Nangurukuru mnamo mchana, na mkiyakosa mtalala tena. Mkiwa kisiwani saa moja asubuhi mna takriban saa tatu na nusu. Zinatosha kwa magofu ya Kisiwani, hazitoshi kabisa kuongeza Songo Mnara. Kama kuna uwezekano wa kuomba ruhusa ya Ijumaa mchana, iombeni.

Wakati wa masika ulizeni hali ya barabara kabla ya kukata tiketi. Mvua za 2024 ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Somanga, na abiria wengi walikwama.

Swali. Shikamooni. Mimi ni mwalimu wa historia, Nachingwea. Nataka kuwaleta wanafunzi 45 wa kidato cha tatu. Waongozaji wengi huanzia Gereza, ile ngome ya ufukoni, kwa kuwa ndilo liko pale mnaposhukia. Je, huo ni mpango mzuri kwa somo?

Jibu. Marahaba, mwalimu. Kwa miguu ni mpango rahisi, kwa somo ni mpango mbaya. Gereza ni miongoni mwa majengo ya mwisho kabisa kisiwani. Mwanafunzi akianza nalo, historia yote anaipokea kinyumenyume, na kichwani mwake Kilwa inakuwa mji ulioanza na wageni.

Tunashauri mpite Gereza bila kusimama. Anzeni Msikiti Mkuu, ukumbi wa kaskazini, ambao ndio mkongwe, wa karne ya 11 hadi ya 12. Simameni hapo kwa muda mfupi tu, muda wa kueleza kwamba mji huu ulikuwa umeshaota mizizi miaka 400 kabla ya Wareno. Kisha, jua likiwa bado chini, nendeni Husuni Kubwa. Iko mashariki, juu ya mwamba unaotazama bahari, mwendo wa nusu saa hivi kwa kundi la watoto, na juu pale hakuna kivuli cha maana. Ukiiacha hadi saa sita, nusu ya darasa litakuwa linatafuta maji ya kunywa, hakuna atakayesikiliza.

Husuni Kubwa ndipo pa kuchukua muda. Ni kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, iliyojengwa kati ya mwaka 1310 hivi na 1333, yenye vyumba zaidi ya 100, na haikumalizika. Waonyeshe wanafunzi birika la pembe nane la kuogelea. Waonyeshe ua wa kusini uliozungukwa na vyumba vya kuhifadhia bidhaa, wajiulize wenyewe kwa nini nyumba ya mfalme ina maghala makubwa kiasi hicho. Jibu linawapeleka Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, kwenye dhahabu iliyotoka nyanda za Zimbabwe ikapita mikononi mwa Kilwa kwenda Bara Arabu na Bara Hindi. Sarafu yenye jina la sultani huyuhuyu imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe. Na ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alipofika mwaka 1331, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri.

Husuni Ndogo iko ng'ambo ya bonde dogo: ua mkubwa wa kuta nene zenye minara. Wataalamu hawajakubaliana ulikuwa wa kazi gani. Waachie wanafunzi wabishane, ni zoezi zuri.

Mkirudi mjini malizieni sehemu ya kusini ya Msikiti Mkuu, msikiti mdogo wa kuba, kasri ya Makutani, na Gereza mkiwa mnangoja mashua. Makutani usiipite kwa haraka. Sehemu kubwa ya inayoonekana leo ni ya karne ya 18, na karne hiyo ina habari nzito: mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, alitiliana saini na Sultani wa Kilwa mkataba wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walitoka bara, katika nchi hizi hizi tunazoishi sisi. Mwalimu anayeeleza dhahabu na kuba akaliruka hilo amefundisha nusu ya somo.

Mambo ya vitendo. Wagawe makundi matatu ya watoto 15, kila kundi na mwongozaji wake, kwa sababu msikiti mdogo wa kuba hauwatoshi 45 kwa pamoja na kusukumana ndani ya jengo la karne ya 15 ni hatari kwa jengo na kwa mtoto. Makundi yapishane kwa dakika 20. Mashua isivuke bila jaketi okozi kwa kila mtoto. Hesabu mwenyewe ukiwa ufukoni, na nahodha akisema mengine yako mbele, ngoja yaletwe. Maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa kila mtoto, yatoke Masoko. Kupanda juu ya kuta kupigwe marufuku tangu darasani. Chokaa ya juu ya ukuta ndiyo huachia kwanza, jiwe huonekana limeshika kumbe limekaa tu.

Swali. Tumebishana kijiweni hapa Masasi. Mmoja anasema Gereza lilijengwa na Wareno, mwingine anasema Waarabu wa Omani. Tuamulieni.

Jibu. Kila mmoja ana sehemu yake. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji mwaka 1505 na kujenga ngome mara moja, wakaiacha mwaka 1512. Ngome mnayoiona leo, ya pande nne na minara ya mviringo kwenye pembe zinazotazamana, kwa sehemu kubwa ni ya Waomani, ya mnamo 1800, iliyosimamishwa juu ya ile ya kwanza. Anayesema Omani yuko karibu zaidi na ukweli wa kuta zinazoonekana.

Swali. Niliwahi kufika Msikiti Mkuu nikaona nguzo za aina tofauti, sehemu moja ina kuba na nyingine haina paa kabisa. Ni msikiti mmoja au miwili? — Msomaji, Lindi mjini.

Jibu. Ni mmoja uliojengwa kwa awamu, na ukishajua awamu zake unaweza kuusoma mwenyewe bila mtu kukuambia.

Simama kaskazini, mbele ya kibla. Kibla kiko huko kwa kuwa kutoka pwani yetu Makka iko kaskazini. Ukumbi huu mdogo ndio msikiti wa asili. Paa lake lilikuwa bapa, limebebwa na boriti juu ya nguzo tisa. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa nafasi. Mti wa mkoko ni mgumu na mchwa hauupendi, lakini ukipita kama mita 3 unapinda kwa uzito wa mawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu na vyembamba, awe mwenyewe tajiri kiasi gani.

Sasa geuka kusini. Mwanzoni mwa karne ya 14 al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo wa Husuni Kubwa, aliuongeza msikiti kwa ukubwa uliouzidi ule wa kwanza mara kadhaa, na akaacha boriti. Akatumia matao, kuba na paa za mviringo kama pipa lililopasuliwa. Kuba haihitaji boriti, bali inasukuma uzito wake nje na chini, kwa hiyo nguzo lazima ziwe imara mno. Hapo ndipo tatizo lilipoingia. Nguzo za awamu hiyo zilichongwa kila moja kutoka tumbawe moja: nzuri kwa macho, nyembamba kwa kazi. Sehemu hiyo ilianguka, ikakaa gofu kwa muda mrefu, na ikajengwa upya katika karne ya 15, zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad al-Malik al-Adil. Mafundi wa safari hii hawakurudia kosa. Nguzo za pembe nane unazoziona ni za mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa, nene zaidi, na ndizo zilizobeba kuba hadi leo.

Usiondoke bila kuingia kwenye chumba cha kuba kubwa, kusini-mashariki. Kuba hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Halafu toka nje upande wa kusini utazame mahali pa kutawadhia: kisima, mabirika, na mawe ya mviringo ya kusugulia miguu. Wengi hupita hapo bila kutazama chini, na ni pale unapomwona mtu wa kawaida wa Kilwa, siyo sultani, akijiandaa kwa sala.

Kwa picha, nuru ya saa mbili hadi saa tatu asubuhi huingia kwa ubavu kati ya nguzo na kuonyesha michirizo ya chokaa. Saa sita ndani hubaki madoa meupe na giza.

Swali. Tulikwenda Songo Mnara, mashua ikakwama kwenye tope, tukatembea katikati ya mikoko maji yakiwa magotini na tukarudi usiku. Nahodha alisema ni bahati mbaya. Kuna namna ya kuepuka? — Vijana wanne, Mtwara.

Jibu. Ipo, na haina uhusiano na bahati. Songo Mnara inataka uanze na mwezi mwandamo ndipo utazame kalenda ya kazini.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo na siku mbili zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita 3. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Tazameni maana yake. Mkiondoka Masoko saa mbili asubuhi siku ya bamvua, mnafika Songo Mnara wakati bahari imekwenda zake, na kati ya mashua na nchi kavu kumebaki tope na mizizi ya mikoko. Mkisema mngoje maji yarudi, yanarudi jioni. Hivyo ndivyo mlivyofika nyumbani usiku.

Chagueni maji mafu, kuzunguka tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo. Siku hizo maji hujaa mnamo saa nne asubuhi na hayapwi sana. Ondokeni Masoko saa mbili na nusu kwa boti ya mashine, mfike maji yakiwa yanajaa, mtembee magofuni kwa muda wa saa mbili hadi tatu, na mpande tena kabla ya saa nane. Saa tulizotaja ni za kukadiria. Zilinganisheni na jedwali la maji la mwezi husika, na muulizeni mvuvi wa pale pale, maana yeye anaujua mlango wa mkoko unaofunga mapema.

La pili ni upepo. Songo Mnara iko kusini ya Masoko. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, mnakwenda mkiwa mnaelekea upepo, na kusi huzidi nguvu kadiri mchana unavyopanda. Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, lakini penye mwanya mawimbi huingia na abiria wa mbele hulowa. Tazameni utabiri wa bahari wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, jioni ya kuamkia safari. Fungeni simu na vitambulisho kwenye mifuko ya plastiki hata kama bahari ni shwari.

Na muende tena, tafadhali. Kilwa Kisiwani ilijengwa na kubomolewa na kujengwa juu yake kwa karne nyingi, ndiyo maana si rahisi kuona mtaa mzima wa zama moja. Songo Mnara ilistawi karne ya 14 na ya 15, kisha ikaachwa. Mnakuta ukuta wa mji, misikiti mitano, jengo la kasri na nyumba zaidi ya 30 za mawe, na mnaweza kuingia kwenye nyumba kama mgeni alivyoingia: ngazi, ua, baraza, kisha vyumba vya ndani vyenye vidaka ukutani. Ndani ya Afrika Mashariki ni vigumu kupata mahali pengine panapoeleza nyumba ya Mswahili wa zamani hizo kwa ukamilifu kama hapa.

Swali. Mwanangu aliokota kipande cha sahani chenye rangi ya kijani ufukoni Kisiwani. Ni kidogo tu. Kuna ubaya?

Jibu. Kuna ubaya wa kisheria, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivyo. Na kuna ubaya mkubwa zaidi wa kielimu. Mtaalamu hupima umri wa ukuta kwa vigae vilivyo chini yake na kando yake. Kigae cha China au cha Uajemi kikiwa mahali pake kinasema nani alifanya biashara na nani, karne gani. Kikiwa kwenye kabati Lindi hakisemi lolote. Kama bado mko na safari ya kurudi, kikabidhini ofisini Masoko na mweleze kiliokotwa wapi hasa. Sarafu ndogo za shaba, ambazo bahari hufukua baada ya bamvua, ni hivyohivyo: piga picha, mwite mwongozaji, usiiguse.

Swali. Mimi ni fundi mwashi, Mikindani. Nimeitwa kukarabati nyumba ya zamani ya matumbawe. Mwenye nyumba anataka saruji kwa kuwa "inashika". Huko Kilwa wanatumia nini?

Jibu. Chokaa, na mwambie mwenye nyumba kwa nini. Tumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya ardhini na chumvi yake na kuyatoa nje kupitia ukuta. Chokaa inaruhusu unyevu utoke. Saruji inauziba. Maji yakikosa njia hubaki nyuma ya lipu, chumvi inaganda ndani ya jiwe, na jiwe linageuka unga. Baada ya masika kadhaa lipu huanguka kama gamba, imebeba na uso wa tumbawe. Saruji kweli inashika, na kinachovunjika ni jiwe.

Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya chokaa iliyozimwa vizuri kwa sehemu tatu za mchanga mkali. Mchanga wa bahari usitumike bila kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka nyembamba zisizozidi sentimita moja na nusu, na kila tabaka iachwe ishike kabla ya nyingine. Chokaa hukomaa polepole kwa hewa. Jua kali likiikausha kwa siku moja inapasuka, kwa hiyo funika kwa magunia mabichi uyanyunyizie kwa wiki nzima.

Mzizi wa mti ulioingia ukutani usiuvute. Kata shina, uache mzizi ufe na unyauke, kisha utoe kidogokidogo huku ukijaza nafasi. Miti imebomoa kuta nyingi Kilwa, na watu wanaoing'oa kwa nguvu wamebomoa nyingine. Uchakavu wa namna hiyo, pamoja na bahari kula ufuko, ndio uliosababisha magofu haya, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Kazi ya uhifadhi iliyafanya yatolewe humo mwaka 2014.

Swali. Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Naweza kumvusha?

Jibu. Unaweza, ukipanga saa. Mvushe maji yakiwa yamejaa, ili mashua ifike karibu na asilazimike kutembea kwenye maji na mawe yanayoteleza. Muulize nahodha mapema mtashukia wapi, na chagua boti yenye ubavu mfupi na kigoda cha kukanyagia. Gereza na Msikiti Mkuu viko karibu, njia ni tambarare. Husuni Kubwa muiache, au uulize kijijini kama kuna pikipiki siku hiyo. Awe na khanga ya ziada ya kujifunika jua na mahali pa kukaa penye kivuli cha mbuyu wakati wengine mnaendelea. Akitaka kusoma dua kwenye makaburi ya zamani, mwongozaji atawaonyesha pa kuingilia. Wenyeji wanayaheshimu, na kuvua viatu hapo ni adabu.